Samaki wa Sebuleni, Mwaka wa Uasi

Kwenye matanga ya Angelina, mwezi uliopita, mzee mmoja mwenye miwani alisimama kusema neno juu ya marehemu. Alisema marehemu alikuwa mchapa kazi, mcha Mungu, mama wa watu. Kisha akacheka kidogo na kuongeza kwamba ujana nao una wazimu wake, maana mwaka wa uasi, watu walipokuwa wanazika ndugu zao, Angelina na rafiki yake mmoja Mwislamu walijifungia nyumbani wakicheza na samaki. Watu wakacheka naye, kicheko kile cha adabu cha msibani. Yule rafiki Mwislamu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, safu ya pili, sahani ya pondu, majani ya mihogo, magotini, na hakucheka. Ni mimi. Nilinyamaza kwa sababu watoto wa Angelina walikuwa wananitazama, lakini nilirudi nyumbani nimekasirika, na hasira yenyewe haijapoa. Sasa nasema. Hatukujifungia, mlango wetu ulikuwa wazi mwaka mzima. Na hatukucheza. Na kuzika tulizika: Angelina alimzika kaka yake mwaka ule ule, akarudi akaosha uso, akaja kuwapa samaki chakula. Kwani aliyefiwa anatakiwa afumbe na macho?

Lazima nianze na hoteli. Kabla ya uhuru kulikuwa na hoteli ya wazungu kando ya mto, nami, bado msichana mdogo, nilikuwa napeleka pale vitambaa vya meza ambavyo Mama na mimi tulivishona upya pindo. Niliingilia mlango wa jikoni. Siku moja mlango wa kwenda ukumbini ulikuwa umeachwa wazi, nikaona kule mwisho, ukutani, sanduku la kioo lenye taa, na ndani yake samaki wadogo wekundu walioletwa kutoka Ulaya kwa ndege. Nilisimama. Kuku wa kuokwa walikuwa wanapita mbele ya pua yangu, na viazi vinavyonukia siagi, na mimi naangalia samaki. Mhudumu mmoja, mtu wa kwetu, glavu nyeupe mikononi, alinisukuma kwa bega. "Toka pale, dada," alisema. "Batu ya kwetu banakulaka samaki, habaangaliake." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anarudia alichokisikia kwa wazungu ukumbini, na hilo ndilo lililoniuma. Mto mkubwa namna ile unapita mbele ya hoteli, na samaki wanaostahili kutazamwa wanapanda ndege kuja! Wetu tuliwajua kwa mgongo ndani ya kapu na kwa ubavu ndani ya sahani. Maji ya mto wetu yana rangi ya chai, hakuna aliyewahi kumwona mboto akitembea ndani yake, hata mvuvi ambaye amemla tangu aote meno. Niliondoka pale na wivu ambao sijawahi kuuonea haya.

Mwaka wa 1964 ulinikuta nina miaka ishirini, nashona kwenye baraza la duka la Mgiriki mmoja. Hoteli ilikuwa imekwisha funga madirisha yake zamani, na nilisikia wale wekundu walikufa kwa kukosa mtu wa kuwalisha. Uasi ulikuwa bado mbali, ni maneno ya redio tu, lakini Mgiriki alinusa hewa akaamua kufunga. Siku ya kuondoka alituambia kila mtu achukue anachotaka. Wenzangu walichukua vitambaa, vifungo, mmoja akabeba hata sanamu ya kuvalishwa magauni. Mimi nikachukua kioo cha dirisha la mbele. Kilikuwa kinene kama kidole, kirefu kunizidi, na kona moja imepasuka. Nilimwita Angelina aje na mkokoteni wake wa samaki. Angelina alikuwa muuzaji sokoni, binti wa familia ya mtoni kutoka pande za Isangi, mwimbaji wa kwaya, mwenye sauti iliyozoea kuita mtu ng'ambo ya maji. Tulijuana kwa sababu nilimshonea nguo ya kwaya, na tulipendana kwa sababu wote wawili tulikuwa tumekataa wachumba mwaka mmoja. Tulikifunga kioo kwa magunia, tukavuka nacho mji mzima, na kila aliyetuuliza tulimjibu kwamba tumeolewa nacho.

Mama alikuwa mlangoni tulipokiingiza. "Ile iko dirisha ya nani?" aliuliza.

"Yetu, Mama."

"Dirisha tuko nazo."

"Hii tutatengeneza bokali kubwa ya vioo. Tutatia samaki ndani, samaki ya mto, tuangalie."

Mama alinitazama akisubiri maneno yaendelee. "Na kisha?"

"Kisha hakuna. Tutaangalia."

"Samaki ya kuangalia," alisema Mama, akarudi jikoni, na kwa muda mrefu tulimsikia akiyasimulia masufuria.

Fremu tuliipata kwa vyuma vya pembe vya vitanda viwili vilivyoachwa, tukampelekea mchomeleaji, akatuungia sanduku tupu lenye urefu wa mtu aliyelala. Kioo nilikikata mwenyewe, kwa kikatio cha gurudumu nilichoazima kwa fundi wa fremu za picha. Ukijua kukata hariri utajua kukata kioo, kwa sababu vyote viwili havimpendi mtu anayesita. Unapaka mafuta ya taa, unalaza rula, unapitisha gurudumu mara moja tu, linalia mstari mzima, kisha unabonyeza na roho yako iko mkononi. Ukirudia mstari umeharibu. Sikurudia. Ile kona iliyopasuka ikaangukia kwenye mabaki, nami nikapata vipande vyote nilivyovitaka, kitako na pande nne, bila hata kujikata kidole, nikajiona fundi.

Hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo nadhani ni watu wa mtoni tu wanaoweza kulifanya. Baba yake Angelina alikuwa fundi wa mashua za mbao, na Angelina alikua akimwona akipigilia mbao kwa nje ya mbavu, halafu akikalafati nyufa kwa pamba na lami. "Kioo tunaweka inje ya chuma," alisema, "sawa vile mbao ya mashua." Mimi sikuona ubaya wowote. Kwetu sote maji ni kitu kilicho nje kinachotaka kuingia, na fundi ni yule anayekikatalia. Basi tukabandika vioo kwa nje ya fremu, tukasindilia nyufa kwa mastiki ya mafundi wa madirisha, ile ya unga wa chokaa uliokandwa kwa mafuta ya kitani, na juu yake tukapaka lami kwa wingi. Lilipendeza. Tuliliweka sebuleni juu ya ukuta mfupi wa matofali, tukaliacha likauke, kisha tukaanza kumimina ndoo. Maji yalipofika katikati, kioo cha mbele kilianza kusogea polepole, kama mgeni anayetaka kuaga, kikatoka chote, kikaegemea magoti ya Angelina, na maji yote yakashuka kwenye sebule ya Mama. Mikeka ilielea. Viatu vilitoka vyenyewe mpaka uani. Mama alikuja akasimama katikati ya mafuriko, ameinua kitenge.

"Bon," alisema. "Nimeangalia."

Nilitaka kulia. Angelina alikuwa amekaa ndani ya maji, kioo magotini, hajakivunja, na ghafla akaanza kucheka hadi akashindwa kusema. "Zaina," alisema mwishowe, "maji haiko inje! Iko ndani! Sisi tumetengeneza mashua ya kugeuka!" Basi tulianza upya. Tulikwangua lami yote, tukaingiza vioo ndani ya fremu, mastiki katikati ya chuma na kioo, na safari hii maji yalipopanda yaliusukuma kila ukuta kwenye mastiki yake, na kadiri yalivyozidi ndivyo tangi lilivyozidi kukaza. Maji yenyewe ndiyo yaliyokuwa yanajifungia mlango. Hapakutoka tone. Fundi wa madirisha aliyetuuzia mastiki alikuja kuona, akazunguka mara mbili, akatupa onyo moja: tangi la namna hii likishajaa halimwagwi tena. Ukilikausha, mastiki inasinyaa, inapasuka, na haishiki kamwe. Unatoa ndoo, unarudisha ndoo, maisha yako yote. Nilimwambia hatuna shida. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.

Samaki walikuja kwa mkono wa Angelina, wakiwa hai ndani ya sufuria, na mimea tuliing'oa kwenye kijito cha njia ya Masako. Alileta mboto wachanga wenye mistari myeusi, na wengine wenye mdomo mrefu wa kuchokonoa tope, na mmoja mdogo wa ndevu ambaye siku ya kwanza tulidhani amekufa kwa sababu alikuwa anaogelea chali. Hakuwa amekufa. Ndivyo alivyo, anaishi tumbo juu. Baba yake Angelina, mtu aliyezaliwa ndani ya pirogi, mtumbwi wa gogo, alikuja kutoka kijijini akasimama mbele ya kioo na kofia mkononi. "Ule iko mugonjwa," alisema. Tukamwambia ni mzima, amekaa hivyo kutwa. "Nimekulaka ule tangu mutoto," alisema, "na sikujua kama yee iko natembea namna ile." Alikaa mpaka chakula kikapoa. Jioni za miezi ile sebule yetu ilikuwa na watu wa mtaa mzima, wakila lituma ya ndizi za kuponda na samaki wa liboke, waliofungwa majani, kutoka jiko la Mama huku wakitazama samaki wengine, na hakuna aliyeona ajabu. Mama peke yake hakutazama. Alikuwa amehamisha kigoda chake cha kuchambulia mchele kikaelekea tangi, kwa sababu, alisema, upande ule una mwanga.

Kisha uasi ukaingia mjini. Sitasimulia yote, wengine wameyasimulia, na mengine sina mdomo wa kuyasimulia. Nitasema tu jinsi nyumba zilivyokuwa. Watu walijifunza kuongea bila kuinua kichwa kutoka kwenye sahani. Mchele ulikwisha, chumvi ikakwisha, tukarudi kwenye ndizi na mihogo. Wapiganaji walikuwa vijana, wengine wadogo zangu kwa umri, wamefungwa majani kichwani, na walikuwa wamenyweshwa na kunyunyiziwa dawa ya maji inayogeuza risasi. Dawa ile ilikuwa na miiko yake, na mji mzima ulijifunza miiko hiyo haraka kuliko sala. Mpiganaji asiguswe na mwanamke. Asile alichokipika mwanamke. Asikanyage maji yaliyomwagwa na mkono wa mwanamke. Ukikutana nao njiani na ndoo kichwani, walikupisha wao, wenye bunduki, wakirudi nyuma mpaka mtaroni. Angelina aliniambia tangu azaliwe hajawahi kupishwa njia namna ile.

Komanda wa mtaa wetu alikuja mchana, na vijana wake. Mlango ulikuwa wazi, kama nilivyosema. Waliingia wakiwa wanatafuta redio, wakasimama. Yule samaki wa chali alikuwa anapita taratibu chini ya jani. Kijana mmoja, bunduki begani, alicheka kwa sauti ya mtoto mdogo, akasema, "Komanda, angalia, iko nalala!" Wakasogea wote. Kwa dakika ile walikuwa watoto waliokuja kuona samaki, na nasema hivyo bila kuwasafisha. Lakini Komanda hakucheka. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, na macho yake yalikuwa yanapima.

"Maji hii nani aliweka?" aliuliza.

"Sisi," nilijibu, nikimwonyesha Angelina. "Mimi na huyu ndeko yangu."

"Mikono yenu inaingiaka ndani?"

"Kila siku."

Walirudi nyuma hatua moja, wote kwa pamoja. Komanda akasema mganga wao amekwisha sikia habari za nyumba hii. Maji yaliyosimama, yenye vitu hai ndani, yenye mikono ya wanawake, hiyo ni dawa, na dawa mbili hazikai mtaa mmoja. Hii inavuta nguvu ya vijana wake. "Mutamwaga," alisema. "Nyie benyewe. Kesho nikipita, hii iko kavu."

"Na kama hatumwage?" aliuliza Angelina. Ndiyo, aliuliza. Yule mchapa kazi, mcha Mungu, mama wa watu.

"Alors, nitachoma nyumba," alisema Komanda, akatoka.

Asubuhi iliyofuata tulikaa sebuleni sote watatu, na ndizi za kuchemsha katikati ambazo hakuna aliyezigusa. Mama aliongea kwanza. Alisema nyumba hii ndiyo alichobakiwa nacho duniani, kwamba tangi linajengwa tena lakini mtoto aliyeungua hajengwi. Nilimwambia likikauka limekufa, mastiki haitashika tena, na kioo kingine hakipo mji mzima. Akasema basi life. Nami nikamwambia, na ninayakumbuka maneno yangu moja moja: "Mama, wazungu balisema hatuangaliake. Sasa hawa nao banasema tusiangalie. Basi nani atasema ndiyo? Mimi simwage." Angelina alisema naye hamwagi, na kwamba yeye ataenda kukaa mlangoni, watamchoma na nyumba. Niliogopa, sikatai. Lakini nilikuwa nimechoka zaidi ya nilivyoogopa, nimechoka kuambiwa na kila anayepita na silaha kitu gani ni changu na kitu gani si changu, na sidhani kama kuna siku nyingine maishani niliyokuwa na uhakika namna ile.

"Hamumwage?" aliuliza Mama.

"Hatumwage."

"Bon." Aliinuka, akaingia jikoni, akatoka na karai la kuoshea vyombo. Akaenda mbele ya tangi, akalizamisha karai, mikono mpaka kwenye viwiko, samaki wakakimbilia nyuma. Nilipiga kelele. Hakugeuka. Akanipita na karai limejaa, akaenda nalo mlangoni, na hapo tukasikia viatu vyao barabarani. Nikadhani ndiyo basi, mama yangu mwenyewe atalikausha tangi mbele ya macho yao, na sikuwa na nguvu ya kumshika mkono.

Mama alisimama kizingitini. Alimwaga maji yale pale pale, juu ya kizingiti, kutoka mwimo huu mpaka mwimo ule, taratibu, kama anayepiga deki. Akarudi, akachota tena, akamwaga barazani. Akachota tena, akamwaga kwenye ngazi, na maji ya karai lililofuata akayarusha mbali, mpaka mchanga wa uani ukawa mweusi wote. Nyumba ya pili, jirani yetu aliyekuwa anafua aliinua beseni lake, akaangalia, akaelewa, akamwaga maji yake ya sabuni mbele ya ua. Kisha wa tatu. Komanda na vijana wake walikuwa wamesimama kwenye kipande cha barabara kilichobaki kikavu, na kile kipande kilikuwa kinapungua.

"Mama," alisema Komanda, "nilisema mumwage."

"Tumemwaga hii," alisema Mama, karai kiunoni. "Huoni? Mimi mwenyewe nimemwaga. Ingia, baba, uangalie kama imekauka."

Komanda alitazama kizingiti. Alitazama miguu yake. Mmoja wa vijana alikuwa amekwisha panda juu ya jiwe. Nilikuwa nyuma ya Mama, karibu naye kiasi cha kuona mishipa ya shingo yake inavyodunda, na nilijua neno moja tu la Komanda lingetosha, kibiriti hakina mwiko wa mwanamke. Komanda naye alilijua. Lakini angewaambia nini vijana wake, kwamba amekimbizwa na karai la vyombo? Akainua sauti wasikie wote.

"Bon. Imemwagwa," alisema, akageuka, na wakaondoka wakikanyaga kwa uangalifu, mmoja nyuma ya mwingine, kando ya ukuta.

Mama hakuwatazama wakienda. Alikuwa amekwisha rudi ndani, amepiga magoti mbele ya tangi, kidole chake kwenye kioo, kinapima mahali maji yalipofika na mahali ambapo mastiki ilikuwa imeanza kuonekana, tupu, hewani.

"Zaina! Angelina!" alipaza sauti. "Munasimama kuangalia nini? Mulete maji mbio, kabla mastiki haijakauka!"